Matuta ya Bi Chumu

Mwaka wa kwanza tulikuwa saba,
na besiboli inataka tisa.
Bawabu nikamsimamisha kituo cha pili, kanzu kaikunja,
na cha tatu nikaweka kiti cha kidato cha pili,
angalau hakitoroki.

Mkuu wa skuli aliniuliza mbele ya walimu:
"Hilo gongo, Mwalimu Shaame, la kuchezea au la kuadhibia?"
Wakacheka. Nikacheka na mimi.
Nilikuwa nimefundishwa siku kumi tu, Unguja,
na daftari langu lilikuwa na kurasa nne
na mchoro wa uwanja uliomwagikiwa chai.

Hapa Konde uwanja hatukupewa. Tulipewa muda:
baada ya alasiri, mpaka wa mpira wa miguu waje.
Vituo ni viroba vya mchele, tumetia mchanga.
Nyumbani ni kifuniko cha ndoo ya rangi.
Na upande wa kulia, bila ukuta, bila hata kamba,
muhogo wa Bi Chumu.

Mpira wa kwanza kuingia haukurudi.
Wala wa pili.
Wa tano nilikwenda mwenyewe, nimevua kofia.
Alikuwa kainama na jembe lake, hakuinuka.
"Mwalimu, mimi sina ugomvi na mpira.
Mpira hauna miguu. Aliyeupiga anayo.
Basi kila mpira, tuta moja. Apalilie, achukue."

Nikajua ndiyo mwisho wetu.
Nani atapiga kwa nguvu, malipo yakiwa jembe?
Wiki nzima walipiga vidogo vidogo, kama wanaofukuza nzi,
mpaka Faki wa Kombo Asaa,
yule ambaye ripoti yake imeandikwa "mzito wa kuelewa",
akaupiga ukapita muhogo, ukapita mnazi wa mwisho.
Akaliweka gongo chini taratibu.
Hakukimbia vituo.
Akauliza, "Jembe liko wapi?"

Siku hiyo nikajua nina timu.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, nisidanganye.
Msimu wa karafuu nyingi nilibaki na wanne.
Wengine wote wako mitini, vidole vyeusi,
na mzazi gani nimwambie amshushe mwanawe
aje adake mpira, na karafuu zinakaribia kuchanua?
Nikapanda na mimi. Juu huko tukasoma ishara:
sikio, iba kituo; pua, subiri.
Maulidi akarusha konyo, Mbarouk akalidaka
kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika tawi.
Baba yao akapiga kelele chini:
"Nyinyi! Mnachuma au mnafundishana wazimu?"
"Vyote," nikajibu,
na pakacha langu halijafika hata nusu.

Mwaka wa tatu akaja Sabiha,
mtandio kaufunga nyuma ya shingo.
Hakuomba. Alirusha.
Nilikuwa bado natafuta neno la kumwambia; mpira ukawahi.
Wiki ya pili akaja na wenzake sita,
na kile kiti cha kituo cha tatu kikarudi darasani.

Tukenda Unguja. Tukafungwa kumi na saba kwa mbili.
Ningependa kuandika vyengine.
Melini, wakati wa kurudi, hakuna aliyesema kitu,
ila Faki, katapika, kafuta mdomo kwa mkono wa jezi:
"Hizo mbili, mwalimu, mwaka jana hatukuwa nazo."

Sasa tuko thelathini na mmoja.
Tuna kabati, na kufuli, na ugomvi wa nani ashike ufunguo.
Faki kesha maliza skuli; huja Alhamisi kufundisha wadogo,
na huwafokea kwa maneno yangu,
hata yale ninayojuta kuyasema.

Jana Bi Chumu kanisimamisha njiani, mkono kiunoni.
"Mwalimu, magugu yamenifika magotini.
Hao wako wa mwaka huu, hawali?"

Daftari limejaa zamani.
Nikaandika kiganjani: kesho, kupiga.