Mdomo wa Tangi

Machi, kabla mvua ya kwanza haijafika Mvara,
maji yamebaki kiasi cha kifundo cha mguu,
mama alifungua koki ya chini
na tope la mwaka mzima likatoka likikohoa
hadi shina la mgomba.
Kisha akanitazama mabega.
Si uso. Mabega.
Nilikuwa na miaka minane, na tundu la tangi
lilikuwa na upana wa sinia.

Miguu ilisuguliwa kwanza kwa sabuni ya mche,
kucha, visigino, kati ya vidole,
kana kwamba napelekwa kwa wakwe.
"Haya ni maji ya kunywa," alisema,
"hayataki kujua ulikopita."
Nikashushwa kwa kitenge kilichofungwa kwapani,
ndoo ikanifuata, brashi ikaifuata ndoo,
na mbingu yote ikawa kisahani,
na katika kisahani, kichwa cha mama.

Sheria ilikuwa moja.
Aliye ndani asugue, aliye nje aongee.
Asinyamaze hata kumeza mate,
na aliye ndani aitike,
maana kule Koboko fundi mmoja alinyamaza
na aliyemngoja juu akadhani anachapa kazi.

Basi mama aliongea.
Bei ya mihogo. Mbuzi wa Candiru
aliyetafuna risiti za ada.
Mimi nikisugua ukoga, laini kama ulimi wa ndama,
nikikomba mashapo kwa kikombe,
nikiokota: kifungo, majani ya mparachichi,
mifupa ya mjusi,
kijiko tulichodai Drileba ameiba.
"Unaitika?"
"Naitika."

Mihogo ikaisha. Mbuzi wakaisha.
Ukuta ulikuwa bado nusu.
Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya mihogo,
kwamba baba hayuko kazini Kampala.
Ana nyumba Nebbi, ya bati jipya.
Ana mtoto wa kike. Amempa jina langu.

Saruji iliyapokea maneno, ikayarudisha
jina langu,
langu,
langu.

"Unaitika?"
Brashi ilikuwa imesimama.
"Driwaru, unaitika?"
Nikaitika.
Nikapaka jiki kuta zote, kama nilivyofunzwa,
macho yakawaka moto, nikashukuru:
mbele ya jiki hakuna anayeulizwa analilia nini.

Aliponitoa hakusema neno.
Alinikausha miguu. Akaziba ufa kwa uji wa saruji,
akafunga wavu mpya kwenye bomba la kufurika
mbu wasipate pa kulala,
akageuza mlizamu utazame nje,
maana mvua ya kwanza huosha bati,
hainywewi. Tunangoja ya pili.

Kila Machi niliingia.
Kila Machi aliniambia kipande,
na nje ya tangi, miezi kumi na moja, chumvi na kuni tu.
Mwaka mabega yalipogoma
nilijifinya, nikachubuka pande zote mbili.
Si kwa usafi. Nilitaka mwisho wa hadithi.
Akanivuta nje kwa nywele, akacheka,
akamwita mtoto wa jirani.

Leo mama hasikii vizuri, yuko kivulini anachambua mbaazi.
Tangi ni lile lile. Viraka vya saruji vimekuwa vingi
kuliko saruji.
Adriko wangu yumo ndani, miaka tisa, miguu myeupe kwa povu,
na mimi nimelalia zege la moto, kichwa tunduni.
Nimeshamwambia mpira wa jana.
Nimeshamwambia bei ya mabati, na jogoo,
na jogoo tena.
Brashi inakwaruza, inakwaruza.
"Mama, mbona umenyamaza?"

Nafungua mdomo.
Kwanza kikohozi, kama koki ya chini.
"Mama? Unaitika?"

Naitika, mwanangu.
Sogea upande ule wenye ufa, sauti hufika vizuri.
Sikiliza,
na usiache kusugua.