Wati Sitini

Kibandiko mgongoni mwa mashine kinasema sitini.
Obuya naye anasema sitini,
maana alilipia sitini,
na risiti ameikunja ndani ya kava ya simu.

Mimi sijasema kitu.
Nimeiweka sahani yangu chini ya mdomo wa leza,
nyeusi kama tako la sufuria ya matangani,
kazi yake kumeza mwanga wote, isirudishe chembe,
kisha iseme imepata joto kiasi gani.

"Zima feni."
Kondele, saa saba mchana, mabati yanalia ta! juu yetu.
Ananitazama kama nimemwomba figo.
Anazima.

Mama alitupima homa kwa mgongo wa mkono,
lakini akitoka mekoni hakukugusa.
Alisimama kwanza mlangoni, mkono ukining'inia,
mpaka moto wa jiko umtoke vidoleni,
ndipo aje kwenye kipaji.
Hakuna aliyemfundisha neno sifuri.

Nasubiri sifuri.
Inayumba. Inayumba kidogo. Inakaa.
Haya, piga.

Mwanga wenyewe hauonekani,
ni namba tu inayopanda: kumi na tisa, thelathini na tatu,
Obuya akihesabu kwa midomo,
arobaini, arobaini na moja,
hapo inagoma.

"Kifaa chako kibovu."
Huenda. Sibishani na mtu aliyelipa.
Leza inazimwa, sahani inapoa, tunakunywa maji.
Kisha naipasha kwa umeme, waya mbili mgongoni mwake,
umeme ninaoujua, wati arobaini na moja kamili,
na sahani, isiyojua deni la mtu,
inapanda mpaka mstari uleule.

Kimya. Jirani anachomelea geti.

Nafungua ubavu wa mashine. Kioo cha pili
kimevaa masizi ya misalaba ya mbao,
moshi wa majina yote ya marehemu
aliyoyachoma tangu Aprili: Nyangweso, Akumu, mapacha wa Ahero.
Pamba. Spiriti. Nafuta polepole,
kama mtu anayefuta uso.

Sifuri tena. Piga tena.
Arobaini na nane.
Si sitini. Haitakuwa sitini.

Obuya anachukua kalamu ya wino mzito,
anakata namba ya kiwandani,
anaandika 48.
"Weka na tarehe," namwambia.
Anaweka,
halafu anawasha feni.