Kalamu Nyekundu

Mume wangu ni mwanamke
kuanzia saa kumi na moja alfajiri
hadi saa moja na nusu, chai inapochemka;
kisha huvaa ovaroli, hubeba spana,
huenda kutengeneza boila za watu.

Jina lake la alfajiri ni Verity Lascelle.
Ana riwaya kumi na tisa.
Nyuma ya kila kitabu pana kivuli cha bibi
mwenye kofia pana, haonekani uso.
Uso wenyewe una masharubu
na kovu la moto kidevuni, tangu ile boila ya Sowerby.

"Unajuaje ya kwetu?" nilimwuliza, kitabu cha kwanza.
"Nalala chali chini ya masinki ya jikoni," akasema,
"na wanawake wanapiga simu juu yangu
kana kwamba mimi ni bomba."

Hapa Halifax mvua hainyeshi, inakaa.
Inakaa nasi mezani, naye anaandika,
nami nasoma nyuma yake na kalamu nyekundu.

Ukurasa wa nne: Imelda alipanda ngazi
akihisi uzito wa matiti yake.
Nikaandika pembeni: Clifford, hakuna.
Hakuna apandaye ngazi na matiti.
Tunapanda na kapu la nguo chafu
na wasiwasi kama mlango tuliufunga.
Ukurasa wa kumi: huyu dada hatafuti funguo?
Visigino virefu, shambani, matopeni,
na hatukani hata kidogo?

Alijifunza. Haki yake nampa.
Kufikia kitabu cha saba wanawake wake walichoka,
walihesabu chenji mara mbili,
waliwachukia dada zao kidogo, siku ya harusi.
Barua zikaja. Mjane mmoja wa Aberdeen:
Dada Verity, umeingia moyoni mwangu bila kupiga hodi.
Clifford aliisoma amesimama,
kisha akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Alhamisi hii, mswada wa ishirini.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Imelda yuko wodini, kitanda cha dirishani.
Kilichokuja kabla ya wakati wake
kimeondolewa ndani ya kitambaa cha kijani,
naye anaugeukia ukuta, anasema:
"Nilikuwa nimeshamnunulia soksi."

Kalamu ikasimama.

Maneno hayo ni yangu.
Februari, mwaka wa tisini na moja.
Nilidhani nimeuambia ukuta peke yake.
Clifford alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini;
akaniuliza kama nataka dirisha lifungwe.

Humu kitabuni yupo Rufus, daktari wa mifugo.
Anakaa ukingoni mwa kitanda, hana haraka,
anauliza: "Za rangi gani?"
"Buluu," anasema Imelda. Na wanalia, kurasa tatu.
Kurasa nzuri, nakiri.
Sikupata pa kutia wino.

Nikashuka. Alikuwa akifunga kamba za buti.
Nikauweka ukurasa kati ya siagi na bili ya gesi.
"Kumbe ulisikia."
"Nilisikia."
"Jibu ulikuwa nalo, Clifford,
ukaenda kumpa daktari wa ng'ombe."

Mganga hajigangi, husema watu.
Sawa. Lakini mimi si yeye;
mimi ni mgonjwa aliyelala nyumba moja na mganga
miaka thelathini na zaidi.

Alinyamaza. Kamba ya kushoto ilimshinda.
"Sikuwa nalo siku ile," akasema hatimaye,
kwa sauti isiyo ya Verity, wala ya Rufus.
"Limenichukua vitabu ishirini."

Nikashika kalamu, nikakata *buluu*.
Sikuandika kitu juu yake.
Pengo likabaki pale, jeupe, upana wa neno.

Simu yake ikalia: boila ya mtu imezimika huko,
na nje kuna barafu.
Akaitazama.
Akaiacha ilie.