Kurasa za Nyuma

Daftari la kaunta, kwaya nne,
jalada limekula gundi likawa gumu kama soli.
Kurasa za mbele, madeni ya watu:
Mama Kileo, soli mbili, elfu tatu, bado.
Mwalimu wa Mawenzi, kisigino, atalipa mwisho wa mwezi.
Mwezi gani, baba, hukuandika.

Kisha uliligeuza juu chini
ukaanza upya kwa wino wa bluu:
AIKANDE. CHUO.

Nilikuwa na miaka sita.
Mtoto wa fundi viatu,
na kamba za viatu sijui kufunga.

Mia tano. Mia tano. Elfu moja.
Mvua, hakuna kazi.
Mvua.
Mia tano.
Masika nzima ya mwaka ule iko hapa,
naisikia ikipiga turubai lako karibu na Mnara wa Saa,
watu wakipita peku, viatu mkononi,
na wewe umekaa na sindano, huna cha kushona.

Ukurasa wa tisa: Imetoka laki na arobaini. Msiba, Kibosho.
Chini yake mwandiko wa mama, neno moja:
Irudishwe.

Sikumbuki ugomvi. Nakumbuka tu
kwamba tangu siku hiyo Alhamisi ilikuwa ya kikoba,
wanawake kumi na saba nyuma ya banda la ndizi, Mbuyuni,
hisa elfu mbili, faini ya kuchelewa mia mbili,
sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiopatana.
"Hela ikilala nyumbani," mama alisema,
"inasikia kila anayebisha hodi."
Wewe ulicheka, ukampa daftari alibebe.
Lakini mia tano zako uliendelea kuziandika mwenyewe,
hata zile alizozipeleka yeye,
hata ya siku uliyotoka Mawenzi hospitali na bandeji ya kidole.

Bibi wa Uru aliuza beberu. Imeandikwa: Beberu.
Bei haipo. Nadhani aliona aibu ya bei.

Halafu Bodi ikatoa mkopo, asilimia hamsini na tano.
Majirani walipiga vigelegele kwa hamsini na tano.
Sisi tulifunga mlango
tukakaa mezani na arobaini na tano.
Mama akavunja hisa zake. Wewe ukaleta daftari.
Mlihesabu mara mbili, kwa kunong'ona,
kana kwamba hela ingeshtuka ikakimbia.
Ada ikatosha. Ikabaki nauli ya Arusha, na godoro,
lile jembamba, futi mbili na nusu.
Mwaka wa pili hakuna aliyeutaja.

Sasa niko mwaka wa pili.
Nasoma uhasibu; nimerudi likizo, umelala,
nimeketi jikoni na kurasa zako za nyuma
ninazijumlisha kama nilivyofundishwa, safu kwa safu.
Umekosea, baba. Mwaka ule wa msiba
umejipunja elfu tatu na mia tano.
Ulidhani tuna pungufu kuliko tulichokuwa nacho,
na kwa pungufu hilo ulishona hadi saa tatu usiku, kwa tochi ya simu.
Kalamu ilikuwa mkononi. Sikusahihisha.

Nikafunua ukurasa mwingine.
NDEKIRWA. CHUO.
Wino huohuo wa bluu. Mia tano. Mia tano.
Ndekirwa yuko darasa la tatu,
jana ameniuliza kama samaki hulala.

Asubuhi nimekwenda kwa Mama Kileo.
Elfu tatu, nimemwambia, soli mbili, miaka kumi na minne.
Amecheka mpaka akakaa chini.
"Viatu vyenyewe vilishaoza!"
Amenipa elfu mbili, na mbivu tano za kula njiani.

Nimeandika mbele: bado elfu moja.
Kisha nikaligeuza daftari juu chini.