Kumbukumbu za Mkutano wa Februari

Waliohudhuria: tisa. Waliotoa udhuru: Harlan,
kwa sababu ya goti; na Joyce, kwa sababu ya theluji.
Mahali: chumba cha nyuma cha maktaba, Bloomington,
kipasha joto kinakohoa ukutani.
Ajenda moja tu mwezi huu: Norvald.

Hisa zetu ni mia sita. Tulizinunua kwa dola thelathini na moja,
jana jioni zilifunga kwa dola moja na senti kumi na nane.
Orrin Haugstad aliomba bei hiyo isomwe tena.
Nikaisoma. Haikupanda.

Orrin alifanya kazi Norvald miaka ishirini na sita.
Alituambia, kama kila mwezi, habari za kile kichwa cha kusomea,
kinavyopaa juu ya sahani inayozunguka,
pengo jembamba kuliko alama ya kidole,
wala hakigusi. "Kikigusa," alisema, "umekwisha."
Mikono yake yenye madoa ya uzee ilipaa juu ya meza
wala haikugusa.
"Dunia nzima inapiga picha. Zilale wapi?
Mtu hajengi ghala siku ya mavuno."

Tou Vang, mdogo wetu, hajatimiza thelathini,
alileta hesabu za mwaka, kazipigia mistari myekundu:
deni linaloiva Septemba; kiwanda kilichouzwa
ili kulipa riba ya deni la kiwanda;
wateja wakubwa watatu, na mmoja keshahama.
"Sisemi ghala halihitajiki," alisema taratibu,
"nasema litajengwa, na mjenzi hatakuwa Norvald."
Kisha akamsogezea Orrin sahani ya biskuti.

Dolores Kubicek, muuguzi wa zamu za usiku:
"Nimewaona wagonjwa wakipata nafuu Jumanne,
wakaomba supu, wakachana nywele.
Alhamisi tukakunja shuka."
Marvin akauliza kama hiyo ni hoja ya kuuza au ya kushikilia.
Dolores akasema ni habari ya Jumanne.

(Katibu anaomba yafuatayo yasiingie katika kumbukumbu.
Nyumbani kwangu, kwenye droo ya vijiko,
ipo diski ya Norvald, nzito kama mche wa sabuni.
Ndani yake mna sauti ya Wendell akisoma orodha ya ununuzi
akidhani simu imezimwa: maziwa, betri, yale matufaha ya kijani.
Nikiichomeka inasema tik. Tik. Tik.
Kama mtu anayebisha hodi akiwa upande wa ndani.
Fundi anataka dola mia tisa, na haahidi kitu.
Hisa na hisia hutenganishwa na herufi moja,
nami sijawahi kuwa hodari wa tahajia.)

Kura: wanne tuuze, wanne tushikilie.
Kanuni ya saba: kura zikilingana, katibu ataamua.
Wakanigeukia wote, isipokuwa Orrin
aliyekuwa akitazama gari lake likifunikwa
kwenye maegesho, polepole, kuanzia vioo.

Nilisema tuuze nusu.
Tou akasema nusu ya kosa bado ni kosa.
Orrin akasema nusu ya kichwa haisomi chochote.
Wote wawili walikuwa sahihi, na imeandikwa hivyo.
Hisa mia tatu ziuzwe Jumatatu, soko likifunguliwa.

Mkutano ulifungwa saa mbili na robo usiku.
Orrin alibaki kunisaidia kukunja viti.
Aliuliza, bila kunitazama,
kumbukumbu za miaka yote hiyo huwa nazihifadhi wapi.
Nikamwonyesha: daftari, penseli.
Akaipima ncha kwa kidole, akaguna,
akatoa kisu kidogo mfukoni,
akaichonga.