Noti Yenye Mpasuko

Noti hii nimeitunza miaka kumi na mmoja
ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya sindano na vifungo.
Dola mia. Ishike, Mauwa, iinue kwenye balbu.
Unaona hapo pembeni, juu ya bega la mzee?
Mpasuko. Hauzidi mguu wa sisimizi.

Niliipokea Kibirizi, asubuhi ya safari,
kwa kijana mwenye kofia ya sufi na ulimi wa asali.
Alihesabu mara mbili mbele ya macho yangu,
mara ya tatu akahesabu kiganjani mwake.
Nikamshukuru. Nikamwombea na heri.

Ukilitazama ziwa kutoka kwetu Gungu
siku mvua imeosha hewa,
milima ya Kongo unadhani utaigusa kwa mwiko.
Lakini pesa ikilala usiku mmoja majini
huamka na tabia nyingine,
kama bwana arusi.

Kalemie, muuza vitenge aliigeuza, akaipeleka juani,
akanirudishia kwa vidole viwili
kama aliyeshika panya mkia.
Wa pili, vilevile.
Wa tatu akacheka: "Hamsini, mama, na hapo nimekuhurumia."

Na mimi,
ninayebishana bei ya mawese pale Mwanga
mpaka muuzaji anaomba maji ya kunywa,
sikumuuliza mtu hata mmoja kitenge jana kilikuwa kiasi gani.
Nilitaka nionekane mwenyeji.
Nikaitikia kwa kichwa hesabu za faranga nisizozielewa,
sufuri zikinipita mbele
kama mbuzi wasio na mchungaji.

Bandarini wakataka kadi ya njano.
Ninayo nyumbani, nikasema.
Nyumbani kuna mengi, wakasema.
Nikalipa. Risiti yake ilikuwa tabasamu.
Na simu! Nilimpigia baba yako nimwambie nimefika;
salio la wiki nzima likakatika
kabla hajamaliza kusema alhamdulillahi.

Basi sikia, na uache kutazama mlango, boti haiondoki bila mizigo yako.
Usibadilishe zote kwa mtu mmoja,
hasa akikuita dada kabla hajakujua jina.
Mkono wa mwisho kugusa noti uwe wako.
Ukitajiwa bei, igeuze kimoyomoyo iwe madebe ya dagaa:
yale ya kuanua juani, ya kufukuzia kunguru.
Ukiona yamezidi mgongo wako, aga, ondoka.
Nauli ya kurudi nimekushonea kwenye pindo la gauni.
Isahau. Ukiikumbuka utaila.
Kadi ya njano hii hapa.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo tulivyofunzwa.
Yangu ilikuwa na daftari, mwanangu.
Niliandika hadi senti ya chumvi.
Kilichonifilisi hakikuwa na mstari wa kukiandika:
haya.

Usiku ule nililala juu ya marobota yasiyo yangu,
mfukoni noti isiyonunua hata maandazi.
Akapita mama mmoja muuza mihogo, Mama Ngoy,
hakuniuliza ukoo wala dini,
akaniuliza tu, "Umekwama?"
Nami kwa mara ya kwanza katika safari yote
nikasema kweli.
Akafungua fundo la kitenge chake
akanihesabia nauli, polepole, kwa sauti,
ili niisikie kila noti.

Deni hilo halimo daftarini.
Kwenye kapu la kijani, chini ya migebuka mikavu,
nimemfungia kilo tano za dagaa safi, wasio na mchanga,
na pesa yake, noti mpya, nimezikagua mwenyewe.
Hii ya mpasuko nenda nayo pia, lakini usiitumie.
Ukipewa nyingine, zilinganishe.

Genge lake lilikuwa karibu na reli ya zamani.
Labda limehama. Labda na yeye amehama.
Usipoliona,
uliza.