Picha Safi

Kilianza kidole cha shahada, mwezi wa Machi:
kibano kikaniponyoka, skrubu ya saa ya Bi Syombua
ikapotelea sakafuni, nami nikacheka.
Aprili, ganzi ikapanda hadi kiwiko.
Juni, ulimi ukanikwama katikati ya Jumatano.

Upper Hill sasa naijua kwa ngazi zake.
Wa kwanza alisema damu. Wa pili, mawazo.
"Una madeni?"
Nani hana?
Wa tatu alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira,
akanikwaruza wayo kwa ufunguo wa gari lake,
akaandika, akaandika.

Juzi wakanilaza ndani ya sumaku.
"Vua saa, mzee," akasema binti wa mashine,
kana kwamba sijui sumaku huifanyia nini saa.
Pesa ni za chama cha Nduku, zamu yake nzima.
Mle ndani, kelele za Kamukunji wakifua mabati,
nami kimya, nikingoja kuonekana.

"Picha safi," daktari akatabasamu. "Rudi Novemba."
Nikasema asante.

Miaka thelathini na moja nafungua saa hapa Luthuli.
Saa haisimami bure.
Kuna unywele, kuna chembe ya kutu;
nitainama na lenzi hadi niione,
na mwenyewe simwambii ni mawazo.

Leo kibano anashika Kimanzi.
Hapo. Siyo hapo. Sogea.
Mkono wangu uko mezani
unacheza peke yake,
haufuati sekunde za saa yoyote.